Masikio Yetu na Bunduki: Kiwambo Kifupi cha Sauti Kinafaa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwindaji bingwa na huongoza wageni katika vitalu vya upande wa Manyoni na Itigi. Bunduki yangu ni ya kaliba .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi), na jioni baada ya kazi masikio huvuma hadi usiku. Mwenzangu wa Afrika Kusini amenishauri nifunge mdomoni mwa mtutu kiwambo kifupi cha sauti, yaani kifaa cha kupunguza mlio, kwa kuwa kile kirefu kitanikwaza vichakani. Je, ufupi huo una gharama gani?
Msomaji, Itigi

JIBU: Ndugu msomaji, gharama yake kubwa inaangukia masikio yaleyale unayotaka kuyalinda. Kiwambo hufanya kazi kwa kuipa gesi ya baruti nafasi ya kutanuka na kupoa kabla haijatoka nje, kwa hiyo ukikipunguzia ujazo umekipunguzia uwezo, na kaliba .375 hutoa gesi nyingi. Mlio wa bunduki kubwa isiyo na kiwambo hufika desibeli 165 au zaidi, ilhali wataalamu wa afya kazini huitaja 140 kuwa mpaka wa hatari kwa mlio wa ghafla. Kiwambo kizuri cha ukubwa wa kawaida huweza kupunguza takribani desibeli 30, na kifupi mara nyingi hukaribia 20. Mwenye kiwambo kirefu, basi, huwa chini kidogo ya mpaka, na mwenye kifupi hubaki juu yake. Tofauti hiyo ya desibeli 10 isikuhadae kwa udogo wake, kwani maana yake ni nishati ya sauti mara kumi.

Hata hivyo, hoja ya vichaka ni ya kweli, na sitaidharau. Katika vichaka vya Itigi, ambamo matawi hufumana mtu akashindwa hata kugeuka, mtutu wa sentimita 60 ulioongezewa sentimita 20 na zaidi hunasa kila hatua, na uzito ulioko mbele huchelewesha mkono wakati nyati yu karibu. Kiwambo cha titani hupunguza uzito huo, ingawa bei yake hupanda. Vipo pia vinavyorudi nyuma na kuuzunguka mtutu, vikahifadhi ujazo bila kurefusha sana bunduki. Mimi ningeanza kuulizia hivyo, mradi mtengenezaji athibitishe kwamba vinastahimili kaliba yako.

Lakini hakuna kiwambo, kirefu wala kifupi, kitakachoondoa mlio wa mpasuko ambao risasi yenyewe huutoa hewani kwa kuipita sauti mwendo, kwani huenda zaidi ya mita 700 kwa sekunde ilhali sauti husafiri takribani mita 340. Kwa hiyo vizibo vya masikio vitabaki kuwa vya lazima. Ninaomba sana umfikirie pia mfuatiliaji wa nyayo anayekuwekea fimbo za kuegemezea bunduki: yeye husimama ubavuni, karibu na mdomo wa mtutu, na mara nyingi hana kinga yoyote. Ikiwa bunduki yako ina kipunguza msukumo, yaani kifaa cha kupunguza teke la bunduki, chenye matundu ya pembeni, yeye ndiye anayepigwa na sauti kuliko wewe. Mnunulie vizibo leo, kabla hujaamua lolote kuhusu kiwambo.

Kuhusu sheria, umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 chini ya Jeshi la Polisi, na leseni ya bunduki usiichukulie kuwa kibali cha kiwambo. Usiagize wala usiingize nchini chochote kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka Polisi na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Ukiruhusiwa, mpe fundi mwenye leseni akague kama hesi za mtutu (mifereji ya kufungia kiwambo) zimenyooka, maana kiwambo kilichopinda kidogo tu huguswa na risasi na kupasuka. Kisha ilenge bunduki upya kwenye shabaha kiwambo kikiwa kimefungwa, kwa sababu risasi huhama mahali pake, na usikifungue tena katikati ya msafara.