Kilichoniangusha sikukuu hakikuwa sahani ya siku ile

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema kila sikukuu za mwisho wa mwaka zikiisha unajikuta umeongezeka uzito, usingizi umevurugika na presha imepanda, na mwaka huu unaogopa kwa sababu ukikataa chakula ndugu wanaona unajitenga nao. Wachangiaji wengi wamekuambia upunguze kula, basi. Mimi naona tatizo lipo mahali pengine. Nililijua nikiwa kitandani hospitalini, kwa hiyo naomba univumilie nieleze kwa urefu.

Nina presha tangu nikiwa na miaka 44. Nameza vidonge viwili kila asubuhi, na kwa miaka mingi sikuwahi kuruka hata siku moja. Mwaka mmoja tukasafiri kwenda kula sikukuu kwa ndugu. Mfuko wa dawa ukabaki juu ya kabati. Niligundua usiku wa kwanza wakati wa kulala, nikajiambia siku tatu si kitu, nikirudi nitaendelea. Siku tatu zikawa sita, kwa sababu watu walikuwa wamekutana baada ya muda mrefu na hakuna aliyetaka kuondoka. Kila siku tulikesha tukiongea hadi saa nane, saa tisa usiku. Asubuhi nilikuwa nachelewa kuamka, nakunywa chai, nakaa. Siku ya sita niliamka kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu. Nilipopimwa, presha ilikuwa 204 kwa 118.

Daktari wa zamu hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza mara ya mwisho kumeza dawa ilikuwa lini, na usiku uliopita nimelala saa ngapi. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kuhusu nyama na vinono vya sikukuu, kumbe hilo halikuwa swali lake la kwanza.

Nilipotoka nililifikiria sana. Nyumbani dawa naimeza kwa sababu nimepiga mswaki, mswaki napiga kwa sababu nimeamka, naamka kwa sababu kuna kazi. Natembea kwa sababu kituo cha gari kiko mbali. Chakula cha mchana nakula saa saba kwa sababu ndiyo saa ya mapumziko. Karibu kila tabia nzuri niliyokuwa nayo ilikuwa imefungwa kwenye tabia nyingine, na zote zimefungwa kwenye kazi. Sikukuu ikaikata kamba ile ya kwanza, na nyingine zote zikaanguka kwa mpigo. Sahani ya siku ya sikukuu yenyewe ni jambo dogo mno ukiilinganisha na hilo.

Hili halikunipata mimi peke yangu. Sweden walichambua kumbukumbu za mishtuko ya moyo zaidi ya 283,000 ya miaka 1998 hadi 2013, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Kipindi cha Krismasi hatari ilikuwa juu kwa asilimia 15, na mkesha wake, tarehe 24 Desemba, ikafika asilimia 37, hasa mnamo saa nne usiku. Walioathirika zaidi ni wenye umri uliozidi miaka 75, na wenye kisukari au waliokwisha kuugua moyo. Kuna watakaosema ni baridi tu ya kule. New Zealand, ambako Desemba ni kiangazi, utafiti wa mwaka 2016 nao ulikuta vifo vya moyo vinaongezeka siku za Krismasi. Kwa hiyo baridi peke yake haitoshi kueleza.

Nianze na dawa, maana hapo ndipo sina mzaha kabisa. Kama wewe, au mzazi unayekwenda kumtembelea, mna dawa za kila siku, hesabu vidonge wiki mbili kabla. Hesabu siku za safari, kisha ongeza za siku tano. Mimi nazigawa mafungu mawili: moja kwenye begi, jingine kwenye mkoba ninaoubeba mkononi, kwa sababu mabegi hupotea. Nimepiga picha cheti cha dawa nikaiweka kwenye simu. Kengele ya simu inalia saa moja asubuhi kila siku, iwe nimelala nyumbani au ugenini.

Ukisahau dozi, usimeze mara mbili siku inayofuata ili kufidia. Meza ya kawaida, endelea, na kama zimepita siku kadhaa mpigie aliyekuandikia. Tena zipo dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko ugonjwa ulivyokuwa mwanzo. Propranolol, atenolol na clonidine ni miongoni mwake, presha au mapigo ya moyo yanaweza kuruka juu kwa kasi. Na jambo ambalo mimi sikulijua: ibuprofen na diclofenac, hizi tunazonunua kichwa kikiuma baada ya kukesha, zinaufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na zinaweza kupandisha presha. Siku ile ya sita nilikuwa nimeshameza mbili kabla sijapelekwa kupimwa.

Usingizi ndio wa pili. Sitakuambia ulale saa tatu usiku watu wote wakiwa sebuleni, sijawahi kuweza mwenyewe. Ninachokilinda ni saa ya kuamka. Nikichelewa kulala nitachelewa kuamka kwa saa moja tu, haizidi hapo, kisha mchana najilaza dakika ishirini au thelathini. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa usiku, kwa hiyo usiku mmoja wa kukesha unabaki deni, lakini deni la usiku mmoja linalipika. Linaloharibu ni kuamka leo saa moja, kesho saa tano, keshokutwa saa nne, mpaka mwili haujui tena asubuhi ni lini. Ukirudi kazini unapata uchovu uleule wa mtu aliyetoka nchi ya mbali yenye saa tofauti. Kahawa ya jioni nayo uiangalie: baada ya saa kama tano hivi, nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Kwa wanaokunywa pombe: inakuletea usingizi haraka, halafu inakuvunjia usingizi huohuo nusu ya pili ya usiku. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani, akiwemo Philip Ettinger, waliandika kuhusu watu waliofika hospitali mapigo ya moyo yakienda ovyo baada ya kunywa sana wikiendi na sikukuu, na wakauita ugonjwa ule moyo wa sikukuu. Mpaka leo unaitwa hivyo. Na kama mtu anatumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, pombe bila chakula inaweza kumshusha sukari saa nyingi baadaye, akiwa amelala, na wenzake wakadhani amelewa tu. Tafadhali, kama mna ndugu wa aina hiyo mezani, hakikisheni amekula.

Sasa chakula. Siku ya sikukuu, kula. Nasema kwa moyo wangu wote. Kula na watu wako, ufurahi, usihesabu. Kuongeza kilo moja ya mafuta mwilini kunahitaji ziada ya kalori zaidi ya 7,000, na mlo mmoja haukufikishi huko. Ukipanda kwenye mzani kesho yake ukaona kilo moja na nusu zimezidi, sehemu kubwa ni maji yaliyoshikwa na chumvi na wanga, na chakula ambacho bado kiko tumboni. Ukipata hofu hapo ukashinda na njaa, jioni utakula mara mbili. Nimefanya kosa hilo miaka mingi.

Hatari iko kwenye siku zisizo sikukuu. Zile siku nane au kumi za katikati, ambapo vitafunwa havitoki mezani na soda ni maji ya kunywa. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 uliofuatilia watu wazima 195. Katika majuma ya sikukuu waliongezeka wastani wa kilo 0.37 tu, kidogo sana, tena wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya hapo. Kilichonishtua ni kwamba mwaka uliofuata uzito ule haukutoka. Jumlisha sikukuu ishirini za maisha yako uone.

Kwa hiyo mimi nina sheria ya siku za katikati: kinywaji ni maji, na vitafunwa vinakaa jikoni, anayetaka ainuke akachukue. Soda nyingi za mililita 330 zina sukari kama gramu 35. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takribani gramu 50 kwa mtu mzima. Soda mbili zimeshavuka. Chumvi nayo wanasema iwe chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na chakula cha kupikiwa watu wengi huwa na chumvi nzito ukilinganisha na cha nyumbani. Mwenye presha aone hilo kabla ya kuona mafuta.

Viporo vina kanuni yake, nitaisema haraka. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kwa sababu vijidudu huzaana kati ya nyuzi 5 na 60. Ukikipasha moto, kiwe cha kutoa mvuke mpaka katikati, nyuzi 70. Watu kumi kuharisha pamoja siku ya pili ya sikukuu ni jambo ninalolijua.

Na kutembea. Baada ya mlo mkubwa, usubiri kidogo, kisha toka. Hata dakika kumi za mwendo wa kawaida zinasaidia sukari isipande sana kwenye damu. Mimi sitoki peke yangu. Namwita mtoto wa ndugu yangu, au shemeji ambaye hatujaongea muda mrefu, tunatembea nusu saa. Mazungumzo mazuri kuliko yote niliyofanya na baba yangu kabla hajafariki tuliyafanya tukitembea baada ya chakula cha sikukuu. Hilo nalo ni afya.

Kuhusu ndugu kuona unajitenga, ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi. Mpishi hataki ushibe tu, anataka kujua kwamba amependeka. Usianze na "sili". Kula kidogo cha kwanza kwa dhati, sema hasa kitu gani kimekupendeza, halafu akiongeza mwambie, "Shangazi, nimeshiba kweli, nifungie hiki nile kesho." Mimi maneno hayo hayajawahi kuniletea ugomvi. Ugomvi niliuona pale nilipoanza kuwahutubia watu wazima kuhusu mafuta huku mikono yao bado imelowa sabuni ya vyombo.

Hapo nikupe jambo ambalo hakuna aliyeligusa kwenye uzi huu. Nilipokuwa nimelazwa, mke wangu alikaa kwenye kiti pembeni yangu, akasinzia ameegemea ukuta. Nikaanza kuhesabu. Siku sita zile yeye na shangazi zangu walikuwa wanaamka kabla ya wote, wanalala baada ya wote, wanakula wamesimama, chakula kimepoa. Mimi nililala kidogo kwa kupiga soga. Wao walilala kidogo kwa kunihudumia. Kila tunapoongea afya ya sikukuu tunamwongelea mlaji, na mpishi tunamsahau kabisa. Tangu mwaka ule nyumbani kwetu wanaume na vijana tunaosha vyombo vyote, na siku moja kati ya kila tatu jikoni kunapikwa kitu kimoja chepesi tu, wote tunakula hichohicho. Mwaka wa kwanza walinung'unika. Mwaka wa pili shangazi yangu mkubwa aliketi mezani pamoja nasi tangu mwanzo hadi mwisho wa chakula, na sikumbuki kumwona hivyo tangu utotoni. Kama kwenu wewe ndiye unayepika, dada, basi presha yako ianze kutafutiwa sababu hapo kabla ya kwenye sahani.

La mwisho ni hili. Asubuhi ile ya siku ya sita nilikaa kwa muda wa saa tatu nikijikaza, kwa sababu sikutaka kuharibia watu sikukuu. Maumivu ya kifua yanayobana au kwenda mkononi na taya, upande mmoja wa uso au mwili kulegea, maneno kutotoka vizuri, kukosa pumzi, kichwa kuuma kuliko kawaida pamoja na macho kuona ukungu: yoyote kati ya haya, amsha mtu aliye karibu, uende. Usisubiri wageni waondoke.

Umeandika presha yako imekuwa ikipanda lakini hukusema kama umeshaanzishiwa dawa. Kama bado, nenda ukapimwe wiki hii, kliniki zikiwa wazi na foleni ikiwa fupi. Kama tayari unazo, kamata kopo sasa hivi uhesabu zimebaki ngapi, kisha rudi hapa utuambie.