Umeme wa kijiji: kamati mmechagua, daftari nani analisoma?

Nilikuwa mhazini wa kamati ya umeme wa sola kijijini kwetu, huku Newala mkoani Mtwara, na naanza na aibu yangu mwenyewe. Betri zilipoanza kuchoka, taa zinafifia saa mbili usiku wakati zamani zilikuwa zinafika alfajiri, tukaenda benki tukakuta hela haifiki hata nusu ya betri mpya. Hakuna aliyeiba jamani. Tulikuwa tunaazima tu, leo madawati ya shule, kesho sanda na mafuta ya gari la msiba, keshokutwa jezi za vijana, na kila karatasi ina saini yangu.

Kura tulipiga, mikono juu, chini ya mwembe, vigelegele. Ila baada ya hapo hatukuulizwa tena, na mkutano mkuu tukauitisha mwezi wa saba watu wako shambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, wakaja kumi na tisa, eti hao ndo wakapitisha kushusha bei ya uniti. Nani atakataa bei kushuka? Betri haina mdomo kwenye kikao.

Sasa nyie mnaotaka kuanza, hela ya betri iwe na akaunti yake peke yake, kamati isiwe na ruhusa ya kuigusa bila mkutano mkuu, maana betri za maji zikitunzwa vizuri ni miaka mitatu mpaka mitano hivi, yaani tarehe ya kilio mnaijua tangu siku ya kufunga mtambo. Mikutano ifanyike korosho zikishauzwa na watu wametulia. Mwenyekiti wa kijiji abaki na kijiji chake, asiwe mwenyekiti wa kamati ya umeme pia (kwetu alikuwa anajikagua mwenyewe, na sisi tunapiga makofi). Na muwekeni mama anayeuza samaki wa barafu, sio kwa kupamba kamati, ila freeza ikizima yeye ndo wa kwanza kupiga kelele.

Mtu mmoja kura moja sio jambo geni kwetu, AMCOS, chama chetu cha ushirika cha kuuza mazao, ndo hivyo hivyo, uwe na mikorosho kumi au elfu. Hata Denmark, ile mitambo 20 ya upepo ya Middelgrunden baharini karibu na Copenhagen, iliyoanza mwaka 2000, nusu ni ya ushirika wa wananchi na mwenye hisa nyingi ana kura moja tu kama wengine. Ila kwenye AMCOS mkulima anashika stakabadhi yake mkononi, kwetu mwenye mita alishika nini? Tokeni tu.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi katibu anabandika karatasi nje ya ofisi ya mtendaji: uniti zilizouzwa, hela iliyoingia, hela ya betri imefika ngapi. Mwezi uliopita bibi mmoja asiyejua kusoma alimleta mjukuu amsomee, akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, hii elfu sitini ya chai mlikunywa wangapi?"

Tulikuwa sita.