Maswali ya Muziki: Padre Aliyetunga Opera

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naongoza kwaya ya parokia. Nimesoma habari za Ján Levoslav Bella, mtunzi na mwongoza okestra wa Slovakia. Alikuwa padre, akaacha upadre, kisha akaenda kukaa miaka 40 katika mji wa mbali. Opera yake ikaja kuchezwa akiwa mzee kabisa. Je, huyu hakukizika kipaji chake?
Mwalimu wa kwaya

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Hilo la kuzika kipaji silikubali hata kidogo.

Bella alizaliwa 1843 huko Liptovský Mikuláš, kaskazini mwa Slovakia ya leo, enzi ambazo nchi hiyo ilikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria. Alisoma Levoča, Banská Bystrica na Vienna, akapadrishwa 1866. Mwaka 1869 alikabidhiwa muziki wa mji wa Kremnica, mji wa machimbo ya dhahabu ambao umekuwa na kiwanda cha sarafu tangu 1328. Kazi yake ilikuwa hiihii yako: kufundisha waimbaji, kuongoza, kutunga muziki wa ibada. Mwaka 1873 alisafiri Ujerumani na Prague, akasikia muziki mpya wa kizazi cha watunzi Liszt na Wagner, na mwaka uliofuata akatunga Osud a ideál, kazi ya okestra nzima inayosimulia bila maneno. Padre wa mji mdogo, umri miaka 31!

Sasa jiulize: muziki kama huo angempelekea nani nyumbani kwao? Mwaka 1875 serikali ya Hungaria iliifunga Matica slovenská, taasisi ya utamaduni ya Waslovakia. Shule zao za sekondari zilikuwa zimeanza kufungwa mwaka mmoja kabla. Jumba la opera la Waslovakia halikuwepo kabisa. Wanaomlaumu kwa kuondoka husahau jambo hili, nami huniuma kila ninapoisoma lawama hiyo.

Mwaka 1881 aliacha upadre, akawa Mlutheri, akaoa. Mji wa Sibiu huko Transylvania, leo Romania, ukampokea. Walutheri wa hapo walikuwa Wajerumani waliokaa nchi hiyo kwa karne nyingi, na walitaka mtu wa kusimamia muziki wa kanisa na wa mji. Bella aliwafanyia kazi hiyo hadi 1921. Kinanda, kwaya, okestra, vyote vilikuwa mikononi mwake. Wewe unajua thamani ya kuandika noti leo na kuzisikia zikiimbwa na watu unaowafahamu sauti zao. Watunzi wengi wa miji mikubwa hawakuipata nafasi hiyo.

Na huko ndiko alikoikamilisha opera yake, Wieland der Schmied, mwaka 1890. Hadithi yenyewe Wagner aliwahi kuiandalia rasimu kisha akaiacha. Mhunzi anatekwa na mfalme, anakatwa mishipa ya miguu asitoroke, naye anajifulia mbawa na kuruka. Maneno yalikuwa ya Kijerumani. Ilikaa bila kuchezwa zaidi ya miaka 30, na sababu ni wazi: Ukumbi wa Taifa wa Slovakia ulianzishwa Bratislava mwaka 1920, baada ya ufalme ule kuvunjika. Mwaka 1926 opera ikachezwa hapo kwa Kislovakia, ikiongozwa na Oskar Nedbal. Bella alikuwa na miaka 82.

Hakuishia hapo. Mwaka 1927 alitunga Svadba Jánošíkova, kazi ya waimbaji na okestra juu ya Jánošík, yule mnyang'anyi ambaye Waslovakia humsifu kama mtetezi wa wanyonge. Baadaye akahamia Bratislava, akafariki huko 1936.

Ukitaka kumsikiliza, usianze na opera. Anza na utunzi wake wa 1887 wa fidla mbili, viola na chelo, ulio katika ufunguo wa B bemoli meja. Sikiliza jinsi sauti za kati zinavyopewa kazi halisi, hazikai tu kujaza nafasi. Nikiisikia viola ile humtambua mtu aliyezoea kusimama mbele ya waimbaji wake wa alto na tenori, akijua kila mmoja anahitaji kitu cha kuimba. Kisha rudi kwenye muziki wake wa Kilatini wa miaka ya Kremnica, na uwape waimbaji wako kipande kimoja wakijaribu.