Uliza Tukujibu: Mbona zabibu ni ileile lakini waini ni tofauti?

SWALI: Shikamoo. Baba yangu analima zabibu hapa Dodoma, na mwaka mzima kazi yetu ni samadi na kuhangaika na maji. Juzi nimeona picha ya shamba la Ufaransa, mawe matupu ya mviringo makubwa kama maembe, udongo hata hauonekani, alafu wanasema waini ya pale ni bei mbaya. Hivi mzabibu unakula nini pale?
Binti wa mkulima, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na baba mpe pole ya kazi. Picha hiyo lazima ni Châteauneuf-du-Pape, kusini, bonde la mto Rhône, maana mawe ya namna hiyo ndo yamekuwa kama kitambulisho chao. Mto uliyabeba kutoka milimani zamani sana, ukayasugua njia nzima mpaka yakawa laini. Chini yake udongo upo, mara nyingi mfinyanzi mwekundu, na mizizi iko huko chini inajitafutia.

Sasa jambo lenyewe ni hili, mzabibu ukishiba sana unajisahau, nguvu yote inaenda kwenye majani na matawi, punje zinavimba maji na utamu unashuka, na hilo baba anaweza akakusimulia kuliko mimi. Pale kwenye mawe mti unapata kiu kidogo mwezi wa saba na wa nane, kiu ya kuubana sio ya kuuua, basi unaacha kuongeza majani unageukia matunda. Punje zinabaki ndogo, na punje ikiwa ndogo ganda linakuwa kubwa ukilinganisha na maji ya ndani, na rangi ya waini nyekundu inakaa kwenye ganda, sehemu kubwa ya harufu nayo iko hapohapo.

Alafu kuna joto. Nimewahi kukaa juu ya mojawapo ya hayo mawe saa tatu usiku mwezi wa nane, jua limeshazama, na jiwe bado lina moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Zabibu yao kubwa pale ni Grenache, inachelewa kuiva, kwahiyo joto hilo la usiku linaifaa. Na ule upepo wa kaskazini wanaouita mistral, unavuma mpaka unakuudhi, lakini mvua ikinyesha unakausha vichala kabla kuvu hajapata pa kukaa.

Ila tafadhali usimwambie baba aache samadi! Mzabibu wa Ufaransa unalala majira yote ya baridi na unazaa mara moja tu kwa mwaka, wa Dodoma unavunwa mara mbili, huo lazima ule.

SWALI: Habari kaka. Mimi ni mhudumu wa hoteli Arusha, tunauza waini za Ufaransa, Chablis na Bordeaux. Tumefundishwa tumwambie mgeni kwamba Chablis ina ladha ya mawe na magamba ya chaza. Mgeni mmoja akaniuliza hayo mawe yanaingiaje kwenye chupa, nikakwama kabisa. Nimjibu nini siku nyingine?
Mhudumu, Arusha

JIBU: Mdogo wangu, mgeni alikuuliza swali la maana sana na wala usione aibu, watu wengi wa hii biashara wanalikwepa. Mawe hayaingii kwenye chupa. Mizizi inanyonya maji na madini kidogo mno, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua, na hata chokaa yenyewe ukiilamba haina ladha ya Chablis.

Magamba lakini ni ya kweli. Mimi nimekata zabibu huko Chablis kwenyewe misimu miwili, na ukiinama kwenye mteremko unaokota jiwe la kijivu, unaligeuza, unaona vichaza vidogo kama ukucha wa kidole, vimepinda kama alama ya mkato, vimejazana humo. Ni bahari ya miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kinachofanya kazi sio ladha ya hao chaza, ni namna udongo huo wa chokaa na mfinyanzi unavyoshughulika na maji: mvua ikizidi unayapitisha, kiangazi kikibana unayatoa kidogokidogo. Na juu ya hapo weka baridi. Chablis iko kaskazini, zabibu ya Chardonnay inaiva polepole na uchachu wake haupotei, ndo maana ukinywa mate yanakutoka pembeni ya ulimi kama umelamba ndimu. Chardonnay hiyohiyo ikienda kusini kwenye jua kali inakuwa nene, laini, inanukia matunda yaliyoiva sana. Kwahiyo mwambie mgeni udongo unashika bomba la maji na hali ya hewa inashika jiko, akitaka kusema anasikia jiwe mwache aseme, maana ule uchachu mkavu kweli unakumbusha jiwe lililolowa, ni lugha ya kuelezea tu.

Na Bordeaux usiitaje kana kwamba ni kitu kimoja. Upande wa kushoto wa mto, kule Médoc, ardhi ni changarawe zilizoletwa na mito, maji yanapita haraka na kokoto zinapata moto mapema, hapo zabibu ya Cabernet Sauvignon inayochelewa kuiva inafika salama kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Vuka mto uende Pomerol, unakuta udongo mzito wa mfinyanzi, wa baridi, unaoshika maji, Cabernet ingesumbuka pale, kwahiyo wamejaza Merlot ambayo inawahi kuiva. Mgeni akilalamika kwamba waini inamkausha mdomo kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, mpelekee ya upande wa kulia, mara nyingi ni laini zaidi.

SWALI: Salamu kutoka Brussels. Watu huku wanasema joto la dunia litaua waini ya Ufaransa. Kuna ukweli au ni maneno tu?
Msomaji, Ubelgiji

JIBU: Mabadiliko yapo, na Wafaransa wameyaandika kwa mkono wao. Mji wa Beaune, Burgundy, una kumbukumbu za tarehe za kuvuna tangu mwaka 1354. Ukichukua wastani mpaka 1987 walikuwa wanaanza tarehe 28 Septemba, kuanzia 1988 wamewahi kwa siku 13 hivi.

Lakini shida sio jua peke yake na hili linaniuma kwelikweli. Machi ikiwa na joto macho ya mzabibu yanafumbuka mapema, alafu Aprili baridi inarudi usiku na kuunguza kila kitu kichanga. Aprili 2021 ilikuwa hivyo, sehemu nyingi za nchi zilipigwa. Wakulima wanawasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari usiku kucha, na Chablis wengine wanaimwagilia mizabibu maji kwa makusudi, yanaganda juu ya chipukizi, na maji yanapoganda yanatoa joto kidogo, basi kijani kile kinabaki kwenye sifuri ndani ya barafu bila kufa. Asubuhi shamba zima linang'aa kama limejaa vioo, na hapo wenyewe hawajui bado kama wamepona.

Bordeaux nao mwaka 2021 walikubaliwa kupanda aina mpya za zabibu kwa kiasi kidogo, mojawapo ni Touriga Nacional ya Wareno, iliyozoea jua. Miaka ya nyuma nani angethubutu kulisema hilo mbele ya mzee wa Bordeaux.

Wewe uko karibu, tafuta Chablis ya 2021 na ya 2022 za mkulima mmoja na shamba moja, zimimine kwenye glasi mbili pamoja. Ya 2021 ni mwaka wa baridi na mvua, ya 2022 ni wa jua na ukame, na udongo haujasogea hata sentimita. Ukishazionja niandikie ipi uliimaliza kwanza.