Albamu ya kwanza ya Bauhaus ina nyimbo 9, si 16

Usitume hiyo pesa. Umeuliza kama CD ya albamu hiyo, "In the Flat Field", yenye nyimbo 16 inamfaa anayeanza kuwasikiliza Bauhaus, bendi ya roki ya Uingereza, ukaeleza kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa ni toleo halisi la mwaka 1980 lenye wimbo "Bela Lugosi's Dead" ndani yake. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikalipa bei ya kitu adimu kwa kitu cha kawaida kabisa.

Muuzaji wangu alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na mpaka leo yananiuma, kwa sababu uongo wake ulionekana hata kabla ya kufungua kasha. Albamu hii ilitolewa na lebo ya 4AD mnamo Novemba 1980, ilhali CD zilianza kuuzwa mwaka 1982, kwa hiyo CD ya mwaka 1980 haipo popote duniani. Na "Bela Lugosi's Dead" haimo, si kwenye santuri ya awali wala kwenye CD hiyo ya nyimbo 16. Ilitoka peke yake Agosti 1979 kwa lebo ya Small Wonder, ikiwa na urefu wa zaidi ya dakika 9.

Hata hivyo, pesa ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba kwa miaka niliiona albamu inayohesabiwa miongoni mwa misingi ya roki ya kigothi, yaani roki yenye giza na majonzi, kuwa mrundikano usio na mpango. Waandishi wa magazeti ya muziki ya Uingereza waliiponda ilipotoka, nami nikawaunga mkono bila kuwahi kuisikia ilivyopangwa. CD ile inaanza na "Dark Entries", singo iliyoitangulia albamu, na baada ya wimbo wa 10 zinafuata nyongeza, ikiwemo "Telegram Sam", wimbo wa bendi ya T. Rex. "Dark Entries" naipenda sana, lakini mahali pale si pake.

Mlango wa albamu ni "Double Dare", na besi ya David J inayonguruma kama inataka kupasua spika. Wimbo huo waliurekodi BBC kwa ajili ya kipindi cha mtangazaji wa redio John Peel, kisha, waliposhindwa kuufikia ukali ule studioni, wakaamua rekodi ya BBC ndiyo iingie kwenye albamu. Watu waliouhangaikia wimbo wa kwanza kiasi hicho hawakuupanga kuwa wa pili! Kutoka hapo upande wa kwanza unakwenda kwa fujo, halafu unapoa kwenye "Spy in the Cab", wimbo wa mtu anayechunguzwa na chombo akiwa kazini, na ndipo unapogeuza santuri. Upande wa pili unapanda hadi "Stigmata Martyr", ambamo mwimbaji Peter Murphy anakariri kwa Kilatini maneno ya Utatu Mtakatifu huku gitaa la Daniel Ash likikwaruza, na mwisho "Nerves", ndefu na yenye wasiwasi, inafunga kila kitu. Baada yake hapatakiwi wimbo mwingine, na CD ile inakuletea "Telegram Sam" papo hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwambie akutumie picha ya nyuma ya jalada, nawe uhesabu mwenyewe: nyimbo 9, wa kwanza "Double Dare", wa mwisho "Nerves". Akikupiga chenga, achana naye. Ukizitaka nyongeza, tafuta toleo la 4AD la mwaka 2009, ambalo limezitenga kwenye CD ya pili. Na kama pesa imekwisha kwenda, anzia wimbo wa 2 na uzime baada ya wa 10.