Sauti zao twazijua, habari zao ziko wapi? Wanawake wa taarab katika kamusi elezo

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuulize kuhusu namna ya kuandika na kurekebisha makala za Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Barua nyingi zilizotufikia zilihusu wanawake wa taarab, na kwa hiyo safu nzima ya toleo hili tumeitenga kwa ajili yao.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari na nimekulia kwenye nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga. Nimeona kwamba makala za waimbaji wanawake wa hapa kwetu ama hazipo kabisa, ama ni mistari miwili mitatu tu. Ningependa kuziandika pamoja na wanafunzi wangu. Tuanzie wapi, na tufanye nini ili zisifutwe? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, anzeni na vyanzo, na kalamu ije baadaye. Kamusi elezo haipokei habari mpya. Hukusanya yale ambayo yamekwisha kuchapishwa mahali pengine, na watu wasio na masilahi na mhusika. Sharti hilo ndilo linalowaacha nje wanawake wengi wa taarab. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, ana makala katika lugha kadhaa. Kipaji chake hakina mjadala, lakini kilichowawezesha waandishi wa makala hizo ni maandishi: Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na safari yake ya Bombay ya mwaka 1928, alipokwenda kurekodi santuri za His Master's Voice, iliacha lebo, orodha na kumbukumbu za kampuni ambazo watafiti walizichambua baadaye. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipokea tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 na akatengenezewa filamu, ndipo magazeti ya nchi nyingi yakamwandika. Kati ya hao wawili wamo wanawake wengi walioimba harusini na redioni kwa miaka mingi, ambao wasikilizaji wanawajua kwa sauti lakini hakuna aliyewaandikia hata ukurasa mmoja. Upungufu tunaouona leo mtandaoni ulianzia katika magazeti na vitabu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yenu itafanyika nje ya kamusi elezo.

Kwa makala ya kwanza, chagueni msanii ambaye tayari ana maandishi. Marehemu Shakila Saidi anawafaa sana, kwa sababu alipofariki mwezi Agosti 2016 magazeti yalichapisha tanzia zilizoeleza safari yake kutoka vikundi vya Tanga hadi JKT Taarab. Zikusanyeni tanzia hizo, mzilinganishe, na pale zinapotofautiana msichague kwa kubahatisha, bali mseme kwamba vyanzo vinatofautiana. Mkianza kuandika, epukeni sentensi kama "alikuwa malkia wa taarab asiye na mfano", kwa maana hiyo haithibitishiki. Andikeni aliimba na kikundi gani, katika miaka ipi, nyimbo zipi, na kila dai lifuatwe na tanbihi inayotaja gazeti, tarehe na ukurasa.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita ni kwamba katika taarab anayeimba mara nyingi siye aliyetunga mashairi, na aliyetunga mashairi huenda siye aliyetia muziki. Makala inayosema tu kwamba wimbo fulani "ni wake" humnyima mtunzi haki yake. Lakini kosa la upande wa pili ndilo lililowaumiza wanawake zaidi, pale mwimbaji anapochukuliwa kuwa mdomo tu wa mashairi ya mwanamume, kana kwamba namna ya kuivuta sauti, kulirudia beti na kulielekeza neno kwa msikilizaji fulani si sanaa. Watenganisheni wote watatu, kila mmoja atajwe kwa kazi yake.

Ikiwa mwimbaji mmoja mmoja hana vyanzo vya kutosha kusimamisha makala, andikeni makala ya kikundi na mumtaje humo. Unguja, baada ya Siti kufungua njia, wanawake waliunda vikundi vyao wenyewe vyenye majina kama Royal Air Force, Royal Navy, Nuru el Uyun na Sahib el Ary, na watafiti wa historia na wa muziki wameviandika. Makala ya kikundi ikiwa na sehemu ya wanachama, yule mwimbaji amekwisha kupata mahali, na siku chanzo kingine kitakapopatikana itakuwa rahisi kumpa ukurasa wake.

Kuhusu wazee walio hai mtaani kwenu, wanafunzi wawahoji, na wawahoji mapema. Hata hivyo mahojiano hayo hayawezi kuingizwa moja kwa moja katika makala. Mwaka 2011 ulifanyika mradi nchini India na Afrika Kusini wa kujaribu kuitumia kauli ya mdomo kama rejeo, na mjadala wake haukubadili kanuni kuu ya vyanzo vilivyochapishwa. Naielewa sababu ya kanuni hiyo, kwa maana bila yake mtu yeyote angeweza kumsingizia mwenzake lolote. Lakini sioni haki kwamba sanaa iliyohifadhiwa kwa masikio na midomo ipimwe kwa wingi wa karatasi peke yake. Kinachowezekana sasa ni kuyachapisha mahojiano kwanza. Yapelekeni gazetini, au andikeni makala ya utafiti pamoja na mtu wa chuo kikuu, kwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina majarida yake ya Kiswahili na Mulika. Yakishahaririwa na kuchapishwa na wengine, yatatajwa kama chanzo.

SWALI: Nataka kuandika kuhusu waimbaji wa kike wa miaka ya 1990. Kila ninaposoma habari zao nakuta mipasho na ugomvi. Niuandike, au niuache? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Uandike kama historia ya muziki, wala si kama umbea. Ushindani uliokuwapo kati ya Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre (TOT) na Nasma Khamis wa Muungano Cultural Troupe ulijaza kumbi, na ulibadilisha namna taarab ilivyosikika na ilivyochezwa. Ukiuacha, utakuwa umeukata moyo wa kipindi hicho. Kinachokosekana kwa kawaida ni nusu ya pili ya habari. TOT kilikuwa kikundi cha Chama Cha Mapinduzi chini ya Kapteni John Komba, na Muungano kiliongozwa na Norbert Chenga. Viongozi hao walikuwa na sababu za kibiashara, na upande wa TOT za kisiasa pia, za kuwavuta mashabiki. Makala inayowataja wanawake wawili wakirushiana maneno bila kutaja vikundi, viongozi na watunzi waliokuwa nyuma ya nyimbo hizo, humfanya msomaji adhani kwamba yote yalitokana na wivu. Hilo ni kosa la kihistoria, na limewachafulia jina wasanii waliokuwa kazini.

Kwa aliye hai kanuni ni kali zaidi. Ndoa, maradhi na tetesi havina nafasi isipokuwa vimeandikwa na vyanzo vinavyoaminika na vina uhusiano na kazi yake. Angalia pia sentensi ya kwanza ya makala yako. Khadija Kopa ni mama yake mwimbaji Zuchu, ndiyo, na jambo hilo litajwe katika aya ya familia. Lakini utangulizi unamstahili yeye kama mwimbaji aliyeanzia Culture Musical Club ya Zanzibar na kuwa miongoni mwa sauti kuu za taarab ya Tanzania. Mkumbuke naye anayepiga ala. Mwaka 2009 Mariam Hamdani alianzisha kikundi cha Tausi, ambacho wanawake hawakuishia kuimba humo, walishika ala wenyewe, na makala za ala kama kanuni, udi na fidla zinaweza kutajirishwa kwa habari hiyo.

SWALI: Makala yangu niipe jina lipi, na niiandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza kwanza? (Mwanafunzi, Unguja)

JIBU: Tumia jina ambalo msanii anajulikana nalo zaidi, kisha tengeneza maelekezo kutoka majina mengine. Anayetafuta Fatma binti Baraka afikishwe kwa Bi Kidude, na anayeandika Zuhura Saleh asikose makala ya Zuhura Swaleh wa Mombasa. Kwa vikundi vyenye majina ya Kiarabu fanya hivyo hivyo, maana tahajia zake hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu.

Lugha ni hiari yako, lakini mimi ningeanza na Kiswahili, kwa sababu wasikilizaji wa nyimbo hizi ndio watakaogundua kosa haraka. Wikipedia ya Kiingereza nayo inakubali vyanzo vya Kiswahili, kwa hiyo usiache kutaja Taifa Leo au Uhuru kwa hofu kwamba havitaeleweka. Huko ulianzishwa mwaka 2015 mradi wa kuongeza wasifu za wanawake uitwao Women in Red, wakati wasifu hizo zilikuwa kiasi cha 15% tu ya wasifu zote. Sasa zinakaribia 20%. Ukimaliza makala, rudi kwenye makala kuu ya taarab. Mara nyingi masimulizi ya historia yake huanza na Sultani Barghash wa Zanzibar na kikundi cha Ikhwani Safaa cha mwaka 1905, na wanawake wakaja kutajwa mwishoni kama nyongeza. Waingize katika mfululizo wenyewe wa matukio, na uunganishe makala yako humo, la sivyo itabaki pasipo mtu wa kuifikia.

SWALI: Bibi yangu aliimba katika vikundi vya Mombasa. Ninazo kaseti zake na picha. Naruhusiwa kuandika makala yake mwenyewe? (Mjukuu, Mombasa)

JIBU: Mjukuu wetu, ni vyema usiiandike wewe. Anayehusiana na mhusika hushauriwa aache wengine waandike, kwa sababu ni vigumu kwake kuona lipi ni sifa na lipi ni habari. Lakini mchango wako unahitajika sana. Fungua akaunti, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ya taarab, utaje wazi kwamba ni bibi yako, kisha uweke vyanzo ulivyonavyo.

Kaseti zina habari nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Jalada lake huonyesha jina la kikundi, majina ya nyimbo za upande A na upande B, na mara nyingine aliyeirekodi au duka lililoiuza. Nakili kila neno kama lilivyo, hata lenye kosa la tahajia, kwa kuwa jalada linaweza kutajwa kama chanzo cha nani aliimba nini. Nyimbo zenyewe usizipandishe mtandaoni, maana haki zake ni za watunzi, wasanii na waliorekodi.

Picha zina hesabu yake. Kuwa nayo mkononi hakukupi hakimiliki, ambayo kwa kawaida ni ya aliyeipiga. Picha uliyompiga bibi wewe mwenyewe unaweza kuipandisha Wikimedia Commons, hifadhi ya picha ambayo Wikipedia huitumia, kwa leseni huria, ikiwa yeye ameridhia. Ile ya studio ya zamani itakubidi umtafute mpiga picha au warithi wake, wakupe idhini kwa maandishi. Wakati unasubiri, kaa na bibi uandike chini ya nakala ya kila picha walio ndani yake, ukumbi, sherehe na mwaka anaoukumbuka. Ukikutana humo na jina la mwenzake aliyewahi kuandikwa gazetini, liweke nalo pale kwenye ukurasa wa majadiliano, ili mhariri mwingine aweze kuanza na huyo.