"Bridge the gap" au "breach the gap"?

Ndugu yangu, umeuliza kama kwenye barua ya kuomba kazi uandike "bridge the gap" au "breach the gap". Andika "bridge", yaani kujenga daraja juu ya pengo, kuunganisha pande mbili. "Breach" ni kubomoa ukuta au kuvunja mkataba, sasa utakuwa unamwahidi mwajiri balaa. Baada yake weka "between" na "and": "bridge the gap between farmers and buyers". Wengi huchomeka "to" mahali pa "and", sentensi ikaharibika.

Ila daraja haliufukii mto: pengo linabaki, watu wanavuka tu. Ukimaanisha pengo la mishahara limekwisha kabisa, tumia "close the gap". Likipungua tu, "narrow". Na hiyo "bridge the gap" itumie mara moja tu katika barua nzima, wanaosoma maombi wameshaichoka.